Umeme wa Upepo Baharini: Namna Mitambo Inavyojengwa na Kuendeshwa, na Maswali Yanayomhusu Mkazi wa Pwani

Mkazi wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba upepo una nguvu. Kaskazi na kusi ndizo pepo zilizopanga safari za majahazi kwa karne nyingi, na hadi leo ndizo zinazomwambia mvuvi siku ya kutoka na siku ya kubaki nyumbani. Jambo ambalo halijazoeleka ni kwamba katika nchi nyingine upepo huohuo wa baharini unawasha taa za majumbani na kuendesha viwanda, kupitia mitambo iliyosimikwa ndani ya maji.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba somo hili si tangazo la mradi. Hadi sasa hakuna shamba la mitambo ya upepo lililojengwa baharini katika pwani ya Afrika Mashariki. Lengo la somo ni kuwapa wakazi wa kata zetu uelewa wa kazi yenyewe: inaanzaje, inajengwaje, inaendeshwaje, na mwananchi ana nafasi gani. Uelewa huo utawafaa mbele ya mradi wowote utakaogusa bahari, uwe wa umeme, gesi, bandari au ufugaji wa samaki.

UPEPO UNAVYOKUWA UMEME

Mtambo wa upepo una sehemu kuu nne: msingi unaoushikilia, mnara, kichwa kilicho juu ya mnara, na mapanga, ambayo kwa kawaida ni matatu. Upepo husukuma mapanga, mapanga huzungusha mhimili, na mhimili huzungusha jenereta iliyo ndani ya kichwa. Umeme unaozalishwa huongezewa msongo na transfoma, kisha husafirishwa kwa kebo hadi kwenye gridi.

Mitambo mingi huanza kuzalisha umeme upepo unapofikia kasi ya mita 3 hadi 4 kwa sekunde. Upepo ukivuma sana, kwa kawaida ukipita mita 25 kwa sekunde, mtambo hujisimamisha wenyewe ili usiharibike. Kati ya mipaka hiyo miwili ipo kanuni moja muhimu: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo ndani yake huongezeka mara nane. Kwa sababu hiyo tofauti ndogo ya kasi huleta tofauti kubwa ya mapato, na wawekezaji hukubali gharama ya kwenda baharini, ambako hakuna milima, miti wala majengo ya kuuzuia upepo. Aidha, mapanga marefu ambayo yangeshindwa kupita katika barabara za nchi kavu husafirishwa kwa urahisi zaidi kwa meli.

Bahari nayo ina madai yake. Chumvi hula chuma, mawimbi huchelewesha mafundi, na kila kazi inayofanyika kwa ngazi na spana nchi kavu huhitaji chombo, nahodha na hali nzuri ya hewa. Umeme wa upepo baharini hauna gharama ya mafuta, lakini una gharama kubwa ya ujenzi na ya matunzo.

HATUA YA KWANZA: KUPIMA NA KUSIKILIZA

Kazi ya kwanza si kujenga. Wataalamu hupima upepo kwa muda mrefu, hupima kina cha maji, huchunguza udongo wa sakafu ya bahari, na kuorodhesha viumbe, njia za meli, maeneo ya uvuvi na mabaki ya kale yaliyozama. Hatua hii huweza kuchukua miaka kadhaa, na ndiyo hatua ambayo sauti ya mwananchi ina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa ramani bado inaweza kubadilishwa kwa kalamu. Msingi wa zege ukishashushwa majini, mabadiliko huwa ghali mno.

Mfano ulio wazi ni shamba la Middelgrunden, lililopo baharini karibu na jiji la Copenhagen nchini Denmaki. Denmaki ndiyo nchi iliyotangulia katika kazi hii: mwaka 1991 ilijenga Vindeby, shamba la kwanza duniani la mitambo ya upepo baharini, lenye mitambo 11 ya kilowati 450 kila mmoja. Middelgrunden lilifuata mwaka 2000, likiwa na mitambo 20 ya megawati 2 kila mmoja. Wakati linakamilika lilikuwa kubwa kuliko mengine yote ya aina yake duniani.

Mpango wa awali wa Middelgrunden haukuwa wa mitambo 20. Ulikuwa wa mitambo 27 iliyopangwa katika safu tatu. Mpango huo ulipofikishwa kwa umma mwaka 1997, hoja zilitolewa kuhusu sura ya bahari mbele ya jiji, na mpango ukabadilishwa. Mitambo ikapunguzwa, na safu tatu zikawa mstari mmoja uliopinda kama upinde, wenye urefu wa takribani kilomita 3.4. Mstari huo ndio unaoonekana hadi leo kutoka ufukweni.

Hoja nyingine ilihusu kelele. Wananchi waliokuwa na hofu hawakuelezwa kwa maneno pekee. Walialikwa kwenda kuona mtambo wa kisasa uliokuwa ukifanya kazi nchi kavu, wausikilize kwa masikio yao. Hoja ya tatu ilihusu sakafu ya bahari yenyewe. Eneo la Middelgrunden lilikuwa limetumika kwa takribani miaka 200 kutupa tope la bandarini na taka nyingine, hivyo palikuwa na wasiwasi kwamba kuchimba kungetibua sumu iliyolala chini. Uchunguzi ulilazimika kufanyika kwanza.

Kuhusu wavuvi, sheria ya uvuvi ya Denmaki inamtaka mwendelezaji wa mradi kujadiliana na wavuvi wa kibiashara wanaoathirika na kukubaliana nao juu ya fidia. Fidia hiyo ni suala la kisheria, haitolewi kama hisani.

NANI MMILIKI?

Sifa iliyoipa Middelgrunden jina kubwa ni umiliki wake. Nusu ya mitambo, yaani 10, ilimilikiwa na shirika la umeme la jiji. Nusu ya pili ilimilikiwa na chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya mradi huo. Ushirika uligawa umiliki wake katika hisa 40,500, na hisa moja ililingana na uzalishaji wa uniti 1,000 za umeme kwa mwaka. Bei ya hisa ilikuwa kroner 4,250 za Denmaki. Zaidi ya watu 8,500 walijiunga.

Kwa msomaji wa hapa nyumbani, uniti hizo ni zilezile zinazosomwa kwenye mita ya LUKU. Mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutumia uniti zisizozidi 900 kwa mwaka. Hisa moja ya Middelgrunden, kwa hesabu hiyo, ilibeba umeme unaozidi kidogo matumizi ya mteja kama huyo kwa mwaka mzima.

Hesabu hiyohiyo inafundisha jambo la pili. Mitambo 10 ya ushirika ina uwezo wa megawati 20. Kama ingezalisha kwa nguvu zote kwa saa zote 8,760 za mwaka, ingetoa uniti milioni 175.2. Lakini hisa 40,500 za uniti 1,000 ni uniti milioni 40.5 tu, yaani chini kidogo ya robo. Waliopanga ushirika walijua kwamba upepo hauvumi kila saa, wakauza hisa kwa kadiri ya umeme uliotarajiwa, si kwa kadiri ya ukubwa ulioandikwa kwenye mtambo. Kwa hiyo mwananchi anapotajiwa megawati za mradi wa upepo, swali sahihi la kuongeza ni hili: uniti ngapi kwa mwaka?

HATUA YA PILI: UJENZI

Misingi ya Middelgrunden ilitengenezwa kwa zege ndani ya chelezo kavu, kisha ikasafirishwa hadi eneo la kazi na kushushwa juu ya sakafu iliyokwisha kusawazishwa. Uzito wake ndio unaoushikilia mtambo usipinduke. Njia hiyo ilifaa kwa sababu maji ni ya kina cha mita chache tu.

Katika maji yenye kina zaidi, njia inayotumika sana ni nguzo moja nene ya chuma inayogongwa kwa nyundo kubwa hadi izame ardhini. Ugongaji huo hutoa sauti kali chini ya maji, inayoweza kuwaumiza au kuwafukuza pomboo na nguva pale walipo. Ujerumani imeweka kikomo cha kisheria cha sauti hiyo, inayopimwa umbali wa mita 750 kutoka kwenye nguzo. Wajenzi hulazimika kuizungushia kazi pazia la mapovu ya hewa yanayopunguza sauti.

Pale ambapo kina ni kikubwa mno kwa nguzo, mitambo hujengwa juu ya maboya makubwa yanayoelea na kufungwa kwa minyororo na nanga. Shamba la kwanza la aina hiyo lilianza kazi mwaka 2017 karibu na Peterhead, Uskoti, likiwa na mitambo mitano yenye jumla ya megawati 30, katika maji ya kina cha takribani mita 100. Taarifa hii ina maana kwa pwani yetu, ambako mara nyingi sakafu ya bahari hushuka haraka baada ya miamba ya matumbawe, na mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita.

Baada ya msingi kukaa, huja meli maalumu yenye miguu ya chuma. Meli hiyo hushusha miguu hadi sakafuni na kujiinua juu ya mawimbi, ikawa imara kama jukwaa. Kreni yake huinua mnara, kichwa na mapanga. Kazi hii husubiri siku ya upepo mdogo, hivyo wajenzi wa mitambo ya upepo hupoteza siku nyingi wakiomba upepo utulie.

Sehemu ya mwisho ni kebo. Kebo huunganisha mitambo na hatimaye hufika nchi kavu, mara nyingi ikiwa imefukiwa chini ya sakafu ili isikamatwe na nanga au nyavu za kukokota. Umeme wa Middelgrunden hufika nchi kavu katika kituo kilichopo Amager, kilomita chache tu kutoka kwenye mitambo.

HATUA YA TATU: UENDESHAJI

Shamba likikamilika, hakuna mtu anayeishi ndani ya mtambo. Vifaa vya kupima joto, mtikisiko, kasi na msongo hutuma taarifa nchi kavu saa zote, na wasimamizi huona hitilafu kwenye kompyuta. Mafundi huenda kwa boti kufanya ukaguzi wa vipindi, kubadilisha mafuta na vipuri, kukaza boliti, na kukagua mapanga na rangi inayozuia kutu. Wapiga mbizi au vyombo vinavyoongozwa kwa mbali hukagua misingi na kebo.

Hatari kubwa kwa fundi iko katika hatua moja: kutoka kwenye boti inayopanda na kushuka hadi kwenye ngazi isiyosogea. Mawimbi yakikaribia kimo cha mita moja na nusu, safari nyingi za boti ndogo huahirishwa. Mtambo ulioharibika katika msimu mbaya unaweza kukaa bila kazi kwa majuma, na kila siku ya kusimama ni hasara. Mafundi hawa hufunzwa kuogelea na kujiokoa majini, kupanda kwa kamba za usalama na kutoa huduma ya kwanza.

Gharama ya kosa baharini ilionekana Horns Rev, shamba la mitambo 80 lililojengwa mwaka 2002 katika pwani ya magharibi ya Denmaki. Miaka miwili baadaye, mwaka 2004, vichwa vya mitambo yote 80 vilishushwa na kupelekwa nchi kavu, kwa sababu ya kasoro za transfoma na jenereta. Hitilafu ambayo nchi kavu ingetengenezwa kwa gari na winchi ililazimu kukodi meli kwa kila mtambo. Tangu hapo wajenzi wamekuwa waangalifu zaidi katika kuvijaribu vifaa kabla havijavuka ufuko.

HATUA YA NNE: KUONDOA

Mitambo ya upepo huzeeka. Kwa kawaida hupangiwa kufanya kazi kwa miaka 20 hadi 30, kisha huongezewa muda ikiwa imara, au huondolewa. Vindeby, iliyotangulia zote, ilivunjwa mwaka 2017 baada ya miaka 25. Katika maisha yake yote ilizalisha takribani uniti milioni 243. Mapanga na minara viliteremshwa kwa kreni, na misingi ya zege ikavunjwa palepale na kukusanywa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba fedha za kuvunja hupaswa kupangwa kabla ya kujenga. Kampuni inaweza kufilisika au kuuzwa, lakini chuma kitabaki majini, na atakayekikuta ni mvuvi na nyavu zake.

MAFUNZO YA KARIBU

Afrika Mashariki tayari ina mitambo ya upepo nchi kavu, nayo imetoa mafunzo yake. Katika wilaya ya Mufindi hapa nchini, mitambo mitatu ya Mwenga yenye jumla ya megawati 2.4 huchangia umeme kwenye mtandao unaohudumia vijiji. Ni mradi mdogo, lakini unaonyesha kwamba ukubwa si sharti la manufaa.

Nchini Kenya, shamba la Ziwa Turkana lililopo Marsabit lina mitambo 365 na uwezo wa takribani megawati 310. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme ilikamilika mwaka uliofuata, na kwa muda wote huo mitambo ilisimama bila kuunganishwa na gridi. Aidha, mwezi Oktoba 2021 mahakama ya ardhi na mazingira iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa kufuata sheria, baada ya baadhi ya jamii za eneo hilo kufungua shauri. Mradi mwingine wa upepo, uliopangwa Kinangop, ulifutwa mwaka 2016 kufuatia upinzani wa wakazi kuhusu ardhi.

Tofauti kati ya Kinangop na Middelgrunden haikuwa upepo. Kote upepo ulikuwepo. Copenhagen ilifungua mjadala mapema, mpango ukabadilika, na maelfu ya wananchi wakawa wamiliki. Palipo na mashaka yasiyojibiwa, mtaji, muda na imani hupotea kwa pande zote.

MASWALI YA KUULIZA KATIKA MKUTANO

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza, na kuwashirikisha wananchi ni sehemu ya tathmini hiyo. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji na ana haki ya kuuliza. Vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kwa jina la BMU, navyo vina wajibu wa kusema kuhusu maeneo ya uvuvi. Yafuatayo ni maswali yanayofaa kuulizwa mbele ya mradi wowote wa baharini:

1. Mradi utachukua eneo gani hasa, na ramani yake imebandikwa wapi ili wananchi waione?
2. Wavuvi watazuiwa kupita au kuvua wapi, kwa muda gani, wakati wa ujenzi na wakati wa uendeshaji?
3. Ni nani anayetambuliwa kuwa ameathirika? Je, wanawake wanaokusanya pweza na kulima mwani wakati wa maji kupwa wamehesabiwa?
4. Fidia itakokotolewa kwa kumbukumbu zipi, na italipwa lini?
5. Mradi utazalisha kiasi gani kwa mwaka, na kijiji kitapata nini kwa maandishi?
6. Ajira zipi zitabaki baada ya ujenzi kwisha, na vijana wataandaliwa vipi kuzipata?
7. Ni nani atakayeondoa miundombinu mwishoni, na fedha hizo zimewekwa wapi?

Swali la tatu na la nne yanaweza kuanza kushughulikiwa leo, hata pasipo mradi. Mvuvi asiyeandika samaki anaowapata, na mkulima wa mwani asiyetunza stakabadhi za mauzo, atapata tabu kuthibitisha hasara yake siku ikifika. BMU na vikundi vya wakulima wa mwani vinahimizwa kutunza daftari la mavuno la kila siku: tarehe, eneo, zana iliyotumika, kiasi kilichopatikana na bei. Nakala ya muhtasari wa kila mwezi ihifadhiwe katika ofisi ya kijiji.

Wakazi wa Copenhagen walibadilisha ramani kwa sababu walifika mkutanoni kabla ya zege kumwagwa. Wakazi wa kata zetu wanahimizwa kuhudhuria mikutano mikuu ya vijiji inayofanyika kila robo mwaka, kusoma matangazo yanayobandikwa katika ofisi za vijiji na kata, na kuuliza mapema. Swali linaloulizwa kabla ya uamuzi ni mchango. Likiulizwa baadaye huwa malalamiko.